Saa Kumi na Moja Jioni Chini ya Mlingoti

Nilikulia jirani na kituo cha polisi, Tabora. Aliyekulia hivyo anajua kwamba saa kumi na mbili jioni si muda tu, ni amri. Filimbi inapulizwa, bendera inaanza kushuka, na kila mtu anaganda alipo. Mwenye baiskeli anashuka, mwenye ndoo kichwani anasimama nayo, na sisi watoto tuliokuwa tunakimbiza mpira wa makaratasi tulikuwa tunauacha uende zake mtaroni. Ukithubutu kutembea, unaitwa na kuulizwa unasoma shule gani. Kwa hiyo mwili wangu ulijifunza kusimama mapema sana, kabla kichwa hakijajua kwa nini.

Naanza na hilo kwa sababu ya jambo lililonipata Florida, ule muhula niliokwenda kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Kuna wazee wawili, mume na mke, waliojitolea kuwa wenyeji wangu mwishoni mwa wiki. Mume nilimwita Mzee kwa mazoea tu, akaniuliza maana yake, nikamwambia ni heshima. Tangu siku hiyo akawa anajiita Mzee hata kwenye simu. Novemba wakanipeleka Magic Kingdom, ile bustani kubwa ya burudani ya Disney karibu na Orlando, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Tiketi ya siku moja pale inapita dola 100. Sitapiga hesabu ya bumu hapa, mtalia bure.

Sasa fikiria mahali palivyo. Mabembea ya kila namna, vitreni vinavyopanda na kuporomoka watu wakipiga mayowe, watoto wenye kofia za masikio ya panya, vigari vya kusukumia watoto kila unapokanyaga, harufu ya bisi na sukari iliyoungua. Saa kumi na moja jioni, karibu na lango, bendi ikaanza kupiga. Walinzi wa bustani waliovalia sare wakaja wakitembea kwa hatua za gwaride, na katikati yao mzee mmoja mwenye kofia ya jeshi la wanamaji, nyuma yake mkewe na wajukuu. Mimi, aiskrimu mkononi, nikaganda. Nikaangalia pembeni. Maelfu ya watu wengine nao walikuwa wameganda.

Bila shaka utajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi: bendera, bendi na mwanajeshi mstaafu vinatafuta nini kwenye uwanja wa pembea? Nimeisoma habari hii kwa miezi kadhaa sasa, na jibu lake si jepesi kama nilivyodhani.

Kwanza niwaeleze kinachofanyika. Kwenye kambi za jeshi la Marekani, siku ya kazi hufungwa kwa tarumbeta na kushusha bendera. Mlio wa kwanza unatangaza mwisho wa siku. Ni desturi iliyokuwepo tangu vita vyao vya kudai uhuru, enzi za ngoma. Mlio wa pili ndio wa bendera yenyewe, hupigwa ikiwa inashuka, na mwanajeshi aliye nje husimama wima na kupiga saluti. Kisha bendera inakunjwa mara 13 mpaka inakuwa pembetatu, nyota zikionekana kwa nje. Raia huweka mkono wa kulia kifuani. Kanuni zao za bendera zilipitishwa na Bunge lao mwaka 1942, na zinasema kwa desturi bendera ipepee tangu jua linapochomoza mpaka linapozama, isipokuwa kama imemulikwa taa usiku. Kwa hiyo yeyote mwenye mlingoti ana kazi ya jioni. Wengi hawaijali. Disney waliamua kuijali, na wakaifanya mbele ya watu.

Pale Magic Kingdom kila siku anachaguliwa mwanajeshi mmoja, mstaafu au aliye kazini, kutoka miongoni mwa wageni walioingia. Huyo ndiye mstahiki wa siku. Jioni anasindikizwa hadi mlingotini pamoja na familia yake, watu wanasema kwa pamoja kiapo cha utii kwa bendera, nyimbo za kizalendo zinapigwa, bendera inashuka. Dakika chache tu, halafu watu wanarudi kwenye bisi zao. Kule California, kwenye Disneyland iliyotangulia (ilifunguliwa tarehe 17 Julai 1955), utaratibu ni tofauti kidogo. Wanajeshi wote waliomo bustanini wanakaribishwa wasogee mbele, na wimbo wa kila kikosi unapigwa: jeshi la nchi kavu, wanamaji, jeshi la anga na wengine. Kila mmoja husogea unapopigwa wimbo wake. Mzee wa miaka 90 anaweza kusimama bega kwa bega na kijana wa miaka 22 aliyerudi juzi.

Jambo dogo lililonishangaza: mpaka 2008, sheria yao ilitaka mwanajeshi mstaafu asiyevaa sare aweke mkono kifuani kama raia mwingine. Mwaka huo sheria ikabadilishwa, wastaafu wakaruhusiwa kupiga saluti ya kijeshi hata wakiwa na kaptula na fulana. Ndiyo maana siku ile niliona wazee wenye viatu vya wazi, wengine na kofia za masikio ya panya, mikono yao imenyooka kwenye paji la uso kama mbao. Ukicheka, unacheka sekunde moja tu.

Turudi kwenye swali letu. Kwa nini pale?

Sehemu ya jibu ni umbo la bustani lenyewe. Ukiingia Disneyland au Magic Kingdom huanzi na pembea, unaanza na mji. Unatokea kwenye uwanja wenye mlingoti katikati, kituo cha treni, jengo la halmashauri na kituo cha zimamoto, halafu barabara moja ya maduka inayoitwa Main Street. Ni mji mdogo wa Marekani wa mwanzoni mwa karne ya 20, na Walt Disney aliutengeneza akikumbuka Marceline, Missouri, alikoishi utotoni. Mji wa namna hiyo bila bendera ni kama mji wetu bila kibao cha ofisi ya CCM. Na bendera ikishapandishwa, lazima ishushwe, na kwenye mji mdogo wa kweli wazee waliopigana ndio wanaopewa heshima hiyo.

Sehemu nyingine ni Disney mwenyewe. Mwaka 1918, akiwa na miaka 16, alitaka kwenda vitani, akakataliwa kwa umri. Akachezea tarehe ya kuzaliwa kwenye karatasi na kuingia kikosi cha magari ya wagonjwa cha Msalaba Mwekundu. Alipofika Ufaransa, vita vilikwisha kusimama. Akaendesha gari huko karibu mwaka mzima, akarudi. Kwenye Vita Kuu ya Pili studio yake ilitengeneza filamu za mafunzo ya jeshi na kuchora nembo zaidi ya 1,000 za vikosi mbalimbali, nyingi zikiwa na wanyama wake wa katuni. Hakuwa mwanajeshi, lakini alikuwa mtu aliyekosa vita kwa wiki chache, na watu wa namna hiyo mara nyingi wanawaheshimu wapiganaji kwa bidii kuliko wapiganaji wenyewe. Hayo ni maoni yangu, siyo historia.

Lakini sababu ninayoiona kubwa zaidi ni hesabu ya watu. Wamarekani milioni 16 hivi walitumika kwenye Vita Kuu ya Pili. Bustani ilifunguliwa miaka 10 tu baada ya vita hivyo kwisha. Kina baba waliokuja wakiwashika watoto wao mikono mwaka 1955 ndio hao hao waliokuwa Pasifiki na Normandy. Yaani mwaka ule hukuhitaji kumtafuta mstaafu wa kumpa heshima. Ungerusha kofia tu, ingemwangukia mmoja. Hata jina la sikukuu yao lilikuwa limebadilishwa mwaka mmoja kabla. Tarehe 11 Novemba, iliyokuwa kumbukumbu ya kusimama kwa Vita Kuu ya Kwanza, ilifanywa mwaka 1954 kuwa siku ya wanajeshi wote waliowahi kutumika. (Miaka ya 70 wakaihamishia Jumatatu ya mwezi Oktoba ili watu wapate wikiendi ndefu. Wastaafu wakakasirika, na mwaka 1978 ikarudishwa 11 Novemba. Siku ya waliokufa vitani ni nyingine, Jumatatu ya mwisho ya Mei, na ukizichanganya mbele ya Mmarekani utasahihishwa papo hapo.)

Disney si peke yao. Kilomita chache kutoka Disneyland kuna Knott's Berry Farm, bustani iliyoanza kama shamba la matunda na duka la kuku wa kukaanga. Mwenyewe, Walter Knott, alijenga pale nakala ya jumba la Philadelphia ambamo tangazo la uhuru wa Marekani lilipitishwa, tofali kwa tofali, akalifungua tarehe 4 Julai 1966. SeaWorld wana mpango wa kuwaingiza wanajeshi na wastaafu bure. Ndani ya eneo la Disney kule Florida ipo hoteli nzima, Shades of Green, iliyo chini ya jeshi, ambako askari analala kwa bei nafuu na familia yake. Na mji wa Branson, Missouri, ambao uhai wake ni maonyesho na burudani, hupokea wastaafu wiki nzima kila Novemba.

Hapa msomaji mwenye akili ya chuo atasema: biashara. Ndiyo, biashara imo. Mstaafu haji peke yake, anakuja na wajukuu watano wenye njaa. Na kuna mfano wa kutia shaka, ingawa si wa bustani. Mwaka 2015 maseneta wawili, John McCain na Jeff Flake, walitoa ripoti iliyoonyesha kuwa wizara ya ulinzi ililipa timu za michezo ya kulipwa mamilioni ya dola, na sehemu ya fedha hizo iligharimia sherehe za kuwaheshimu askari uwanjani. Mashabiki walikuwa wakisimama na kupiga makofi wakidhani timu inatoa shukrani yake yenyewe, kumbe ni tangazo la kuandikisha jeshi. McCain mwenyewe alikuwa mfungwa wa vita Vietnam zaidi ya miaka mitano, hivyo hakuna aliyeweza kumwambia hajui uzalendo.

Kingine ni kwamba makofi hayatibu mtu. Wastaafu zaidi ya 6,000 hujiua kila mwaka kwa takwimu za idara yao wenyewe. Usiku mmoja wa Januari 2024 walihesabiwa karibu 33,000 wasio na makazi. Tangu 1973, walipoacha kuandikisha vijana kwa lazima, wanaojiunga ni wa hiari, na siku hizi walio kazini ni chini ya mtu mmoja katika kila mia. Maana yake ni kwamba familia nyingi za Marekani hazina tena mtu wa kumuuliza vita vikoje. Kwa wengi wao, zile dakika chache chini ya mlingoti ndiyo mara ya pekee wanasimama karibu na mtu aliyepigana. Unaweza kuliona hilo kama aibu, unaweza kuliona kama nafuu. Mimi naliona kama yote mawili, na sijaamua kipi kizito.

Ila nilikuwa na Mzee pembeni, na yeye ndiye aliyenivurugia hoja zangu zote.

Mzee alipigana Vietnam. Nilikuwa najua kwa sababu mkewe alininong'oneza kwenye gari siku ya kwanza, kama mtu anayekutahadharisha kuhusu mbwa. Bendi ilipoanza, nilitegemea atasogea mbele. Hakusogea. Alirudi nyuma hatua mbili, akasimama kwenye kivuli cha duka, mikono mifukoni. Bendera ilipofika chini akavua kofia. Basi.

Njiani kurudi nilimuuliza kwa nini hakujitokeza. Mkewe akaniangalia kwenye kioo, jicho la kusema nyamaza. Lakini Mzee akajibu. Akasema aliporudi mwaka 1970 hakuna aliyempokea. Alivua sare chooni, uwanja wa ndege, akapanda basi kwenda kwao kama mtu aliyetoka kununua viatu. Miaka mingi baadaye watu wakaanza kumwambia ahsante kwa utumishi wako, na hajui awajibu nini, kwa sababu hawajui wanamshukuru kwa lipi. Akasema heshima anaipenda, ila anaipenda akiwa nyuma. Kisha akauliza kama tusimame tule.

Baadaye niligundua kitu kuhusu mwaka huo huo. Tarehe 6 Agosti 1970, vijana mia kadhaa wa kundi la wapinga vita lililoitwa Yippies waliingia Disneyland, wakavuka hadi kwenye kisiwa kilichomo bustanini na kupandisha bendera ya Viet Cong kwenye ngome ya mbao ya watoto. Bustani ikafungwa mapema siku hiyo, jambo ambalo ni nadra sana. Kwa hiyo si kweli kwamba ni wazalendo tu walioipa bustani ya watoto uzito wa taifa. Hata waliochukia vita walijua kwamba ukitaka Marekani ikusikie, mlingoti wa kupanda ni ule. Na Mzee, aliyekuwa ametoka kuvua sare chooni mwaka huo, hakuwa na mlingoti hata mmoja kati ya hiyo miwili.

Naomba nisieleweke kwamba mambo ya kuchanganya jeshi na ngoma ni ya Wamarekani. Sisi tulikuwa na beni. Babu zetu wa pwani walichukua bendi za kijeshi za wakoloni, wakajipa vyeo, sare na gwaride, wakaunda vyama vya kushindana, Marini na Arinoti, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliorudi wakaisambaza Tanganyika nzima. Ile ilikuwa burudani, tena burudani kali, na wakati huo huo ilikuwa njia ya watu waliobeba mizigo ya vita vya wengine kusema na sisi tulikuwepo. Serikali iliwajengea sanamu, ile ya Askari pale Dar es Salaam ya mwaka 1927. Wao wenyewe walichagua kucheza. Ukiniuliza kipi kimewakumbuka vizuri zaidi, sitaanza na sanamu.

Na hapo ndipo nilipobanwa. Kwa sababu babu yangu mzaa mama alikwenda Kagera. Alikuwa mgambo, akachukuliwa mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, akarudi 1979 baada ya Kampala kuanguka. Hayo ndiyo yote niliyoyajua. Miaka 22 nimekaa na huyu mtu, nimekula sahani moja naye, sijawahi kumuuliza swali moja la vita. Tarehe 25 Julai tunaangalia Siku ya Mashujaa kwenye televisheni, viongozi wanaweka ngao na mkuki na mashada, naye yuko pale kwenye kiti chake anakuna mguu, na hakuna mmoja wetu, hata mmoja, aliyewahi kugeuka kumwangalia. Mgeni wa Disney aliyelipa dola 100 angemfanyia babu yangu zaidi ya nilivyomfanyia mimi.

Sisemi tujenge mlingoti kwenye viwanja vya pembea. Nikifikiria watoto wa Dar siku ya Idi, kwenye bembea zile za kukodi, halafu mtu awasimamishe wote wamshangilie mstaafu, naona vurugu tu, na naona mkuu wa wilaya akidaka kipaza sauti. Kinachofanya jambo lile liende kule ni ufupi wake, na kwamba anayeheshimiwa ni mtu aliyekuja kutembea na wajukuu, si aliyealikwa kwa barua. Hakuna hotuba. Hilo la hotuba tungeliweza kweli?

Niliporudi nilikwenda Tabora kabla hata sijafungua mabegi. Nilimkuta babu nyuma ya nyumba anachonga mpini wa jembe. Nikamsalimia, shikamoo babu, marahaba, nikakaa chini, nikamwambia nimeona Wamarekani wanavyowasimamisha wazee wao waliopigana vita mbele ya watu, kwenye mahali pa kuchezea watoto. Akacheka sana. Akauliza, wanawasimamisha muda gani? Nikasema dakika chache. Akasema hizo zinatosha, magoti yao hayawezi zaidi.

Kisha akanyamaza, akaendelea kuchonga. Nikadhani yamekwisha. Jioni akaniita, akaniambia nichukue daftari langu la chuo. Alisema pale Kaboya, Muleba, wamelala wenzake, na hajawahi kufika tangu wazikwe. Anataka majina yao yaandikwe, ya wale waliotoka kata yetu tu, kwa sababu hao wengine wana watu wao. Akaanza kutaja, jina la mtu, jina la baba yake, na alikuwa na umri gani. Nimeandika manne. Filimbi ya kituoni ikalia, akainuka kwa kushika ukuta, akasimama mpaka bendera ilipofika chini. Alipokaa tena alisema la tano atanitajia nikirudi Desemba.